Thuluthi ya Maneno

Wajuzi wa Kiarabu, lugha ambako ndiko tulikolipokea neno nasaha, husema kwamba asili yake ina maana mbili za kazi ya mikono: kushona nguo iliyochanika, na kuisafisha asali hata isibaki na nta, na neno shauri nalo, ambalo kwetu sisi watu wa pwani limetanuka hata likabeba ushauri wa ndugu, kesi ya mahakamani na ubishi wa sokoni, hulinasibisha na kule kurina asali mzingani. Basi mwenye kutoa nasaha, kwa mujibu wa asili ya maneno yenyewe, ni mshoni au ni mrina asali, na wote wawili ni watu ambao vidole vyao hudungwa kabla mwenzao hajavaa wala hajalamba. Maana hiyo niliisoma zamani nikaiona kuwa ni pambo la lugha tu. Nimeujua uzito wake katika baraza moja ya mji wa Wete, kisiwani Pemba, baada ya sala ya alasiri, msimu wa karafuu ukiwa umefika kileleni na majamvi ya kuanikia yametandazwa hata kando ya barabara.

Tulikuwa watu sita. Alikuwako Maalim, aliyesomesha skuli mpaka nywele zikageuka pamba, Nahodha, ambaye kwa miaka mingi alipitisha jahazi baina ya Wete, Tanga na Mombasa, mimi niandikaye, na kijana mmoja jirani, aliyefiwa na baba yake mwaka haujatimia. Ndani ya mlango, ukumbini, aliketi Bibi mwenye nyumba, ambaye maharusi wa mtaa ule, mama na mabinti zao, wamepita mikononi mwake kwa kuwa ndiye aliyekuwa somo wao. Na nyuma yake mjukuu wake, binti aliyeanza ualimu juzi juzi. Kijana ndiye aliyefungua mlango wa maneno. Aliuliza ni nasaha gani iliyo bora ambayo kila mmoja wetu alipata kupewa, na ni ipi iliyo bora aliyopata kuitoa. Nasi tukadhani kuwa anataka mazungumzo ya kupitishia wakati mpaka magharibi.

MAALIM: Yangu ni fupi. Nilipoanza kusomesha, mkubwa wangu wa skuli alinikuta usiku mbele ya kandili nasahihisha madaftari, nami nimeyapanga kwa cheo, la mtoto wa kwanza darasani likiwa juu na la mtoto wa mwisho likiwa chini kabisa. Akaligeuza fungu zima chini juu, akaniambia: anza na huyu, kwa maana sasa macho yako ni mapya na moyo wako mpana, yule wa kwanza ataustahimili uchovu wako wa saa sita za usiku, na huyu hawezi kuustahimili. Nimesomesha umri wangu wote, na kila mara nilipofungua daftari mkono wake niliuona juu ya mkono wangu. Na nilipokuwa mkubwa wa skuli mimi mwenyewe, nasaha hiyo hiyo ndiyo niliyowapa walimu vijana, wala sikuongeza neno.

NAHODHA: Mimi ni baba yangu, siku aliyonipa usukani. Alisema: ukisikia mtu anapiga ukelele kuwa mbele kuna mwamba, geuza chombo kwanza, kisha ndipo uulize ni nani aliyesema. Kwani aliyesema anaweza kuwa mpishi, anaweza kuwa mtoto wa kufua maji ngamani, anaweza kuwa abiria ambaye bahari hajaijua ila siku ile. Lakini mwamba hautazami cheo cha aliyeuona. Mara mbili niligeuza kwa ukelele wa mtu asiyejua bahari, na mara ya pili mwamba ulikuwapo.

Nikamwuliza: na ile uliyoitoa? Nahodha, ambaye si mtu wa kukawia kujibu, akaipangusa kofia yake, akaitazama, akairudisha kichwani.

NAHODHA: Niliyoitoa si bora, lakini ndiyo ninayoikumbuka. Mwana wa dada yangu alirithi jahazi la ukoo wakati mizigo imekwisha hamia kwenye vyombo vya mashine, akaja kunitaka shauri: aliuze, au alishike? Nikamwambia chombo cha ukoo hakiuzwi. Maneno mazuri, na waliokuwapo waliyasifu. Akalishika. Mwaka huu kalafati, mwaka ujao sifa na deheni, mwaka wa tatu mbao za ubavuni, na mizigo haiji. Alichokipata kwa kuvua alikipeleka kwa mafundi, hata mkewe akauza vikuku vyake. Mwisho jahazi likalala pwani, likapasuliwa kuni. Hakunilaumu hata siku moja. Basi mimi nimelipima jambo hili usiku mwingi, na kosa langu nimelijua: nilimpa nasaha nikiwa nchi kavu. Nilikuwa nimekwisha shuka chomboni, na yale mawimbi niliyomwamuru ayastahimili hayakuwa yakinirushia mimi hata tone moja.

Pakawa kimya. Ndipo kijana akainua uso, na tukajua kwamba swali lake halikuwa la kupitishia wakati.

KIJANA: Basi wazee wangu, nami nina jahazi langu. Marehemu baba ameacha shamba la mikarafuu, na warithi ni mimi na dada zangu wawili, mama alitangulia. Mnajua wenyewe mgao: nusu yangu, na robo kwa kila mmoja wao. Dada yangu mkubwa ni mjane mwenye watoto wanne, anaitaka robo yake aiuze apate kuwalea, nami sina fedha za kuinunua, wala katika ukoo hayuko mwenye nazo. Lakini baba, siku tatu kabla ya kufariki, aliniita akanishika mkono, akaniusia mambo mawili: shamba lisiuzwe, na nisihame kisiwani. Nikamwitikia. Tangu siku ile nasaha bora niliyopata kupewa, au niseme nzito kuliko zote, ni hiyo, na kila nikimwona dada yangu nainamisha macho.

MAALIM: Mwanangu, umeitikia, na usia wa mzazi si kitu cha kuchezewa. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja na kisiwa hiki kikasalimika, riziki ya watu wa hapa imesimama juu ya miti hii. Anayeukata mti unaohitaji miaka saba au minane kabla ya kutoa karafuu ya kwanza, hakati mti mmoja, anakata na jasho la aliyekwisha kufa. Fauka ya hayo, sisi ni watu wa usia. Nani katika sisi asiyemjua Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said? Mwaka 1858, akiwa mgonjwa wa siku nyingi, alimwita bintiye Mwana Hashima akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi wa kumwongoza katika dini na katika unyumba; na utendi huo umesomwa na kughaniwa Lamu na kote pwani, hata mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakautoa kitabu pamoja na tafsiri. Na Shaaban Robert naye, mtu wa Tanga, alimwandikia bintiye utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili. Hao ni wazazi waliojua kwamba mali huliwa ikaisha, na neno hubaki.

BINTI: Maalim, niwie radhi, nawe ndiye uliyenifundisha kusoma. Utendi wa Mwana Kupona nimeusoma, na uzuri wake siukanushi. Lakini kila nikifika pale anapomwelekeza bintiye namna ya kumtumikia mume, asitoke bila idhini yake, na radhi ya mume akaifanya kuwa ndiyo njia ya kupita Akhera, najiuliza: ikiwa mume si kama Bwana Mataka, itakuwaje? Yeye alimweleza bintiye jinsi alivyoishi na baba yake kwa furaha, nami naamini. Lakini alitoa ushahidi wa ndoa moja, kisha ukafanywa kuwa sheria ya ndoa zote. Na baba wa ndugu yetu huyu naye, Mungu amrehemu, alitoa ushahidi wa maisha yake, mtu aliyekaa kisiwani na shamba likamlisha. Je, ushahidi huo umtoshe mjane mwenye watoto wanne?

MAALIM: Mwana Kupona hakumwambia bintiye utumwa, alimwambia hekima ya kuishi na watu, na katika utendi ule ule amemwusia kuwatazama maskini na kujiepusha na watu wasiojua mambo. Tena mwanamke aliyeshika kalamu akatunga kwa ajili ya bintiye na kwa ajili ya wanawake wote watakaosoma, hawezi kuwa alitaka wanawake wasiwe na sauti.

BINTI: Hilo nalikubali, na ndilo linalonifanya nimpende. Alichokifanya ni kikubwa kuliko baadhi ya aliyoyasema.

Hapo Bibi, ambaye mpaka wakati ule alikuwa akichambua karafuu katika ungo, akizitenga na makonyo yake, akauweka ungo chini. Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande wa Maalim mpaka alipoanza kusema.

BIBI: Ninyi mnasoma vitabu, na mimi kazi yangu nimeifanya kwa mdomo, basi niachieni niseme ninalolijua. Somo akimfunda mwari hasemi akaondoka. Harusi ikiisha, mimi huingia nyumbani na bibi harusi, nikakaa siku saba za fungate, nikaona kwa macho yangu niliyomwambia yanafaa au hayafai. Na baada ya fungate mlango wangu haufungwi. Wako niliowaambia subiri, wakasubiri, kisha wakaja hapa usiku na mtoto mgongoni, nikamwambia mmoja wao: mwanangu, neno nililokupa nalitengua mimi niliyekupa, keti. Mtu hupata wapi nguvu ya kulitengua neno lake? Hupata kwa kuwa yu hai, na yu karibu. Neno la maiti halina wa kulitengua. Kwa hiyo, Maalim, nakuuliza wewe uliyesoma: mtu akikaribia kufa, ana ruhusa ya kuusia kiasi gani cha mali yake?

MAALIM: Mwisho wake thuluthi, Bibi. Na thuluthi hiyo haendi nayo kwa mrithi, kwa kuwa mrithi fungu lake limekwisha tajwa.

BIBI: Thuluthi mbili ni za nani?

MAALIM: Za warithi. Hana amri juu yake.

BIBI: Basi mali ambayo ni jasho lake mwenyewe amewekewa mpaka, na maneno yake juu ya maisha ya watu wengine hayana mpaka?

Sijapata kumwona Maalim akinyamaza namna ile. Aliivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya kanzu, na aliposema, alisema kama mtu anayesoma kitabu alichokisoma mara mia, na leo amekiona kipya.

MAALIM: Asili ya mpaka huo ni kisa cha Saad bin Abi Waqqas. Aliugua Makka ugonjwa alioudhani kuwa wa mauti, na wakati ule hakuwa na mrithi wa tumboni mwake ila binti mmoja. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokwenda kumzuru, Saad akamtaka shauri: atoe sadaka thuluthi mbili za mali yake? Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Thuluthi? Akaruhusiwa, akaambiwa na hiyo nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakiwa na wasaa ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Hadithi hii nimeifundisha katika somo la mirathi, hesabu za mafungu, na leo ndiyo naisikia kuwa ni nasaha. Saad alitaka kufanya kheri kubwa, na nasaha aliyopewa ilikuwa ya kupunguza. Na liko jambo jingine: Saad hakufa. Alipona, akaishi miaka mingi, akapata watoto wengine, na yeye ndiye aliyekuwa amiri wa jeshi katika vita vya Qadisiyya. Mtu aliyekuwa akiyapanga mambo kwa hesabu ya siku yake ya mwisho hakujua hata nusu ya yaliyokuwa mbele yake.

BINTI: Na Luqman, Maalim. Sura iliyobeba jina lake ni ya baba anayemuasa mwanawe. Lakini katikati ya maneno yake, kabla hayajaisha, imewekwa amri ya kuwatendea wema wazazi pamoja na mpaka wake, kuwa wakimlazimisha mtoto katika ushirikina asiwatii, na huku akae nao duniani kwa wema. Mpaka umewekwa ndani ya nasaha yenyewe.

MAALIM: Kweli. Lakini tahadhari, mpaka ule ni wa ushirikina, na kutouza shamba si ushirikina. Usiyachanganye.

BINTI: Sichanganyi. Nasema tu kwamba utiifu na wema havikufanywa kuwa kitu kimoja.

NAHODHA: Mimi mnanipoteza. Mali hupimwa: shamba kwa kamba, karafuu kwa pishi. Neno hupimwa kwa nini? Thuluthi ya "shamba lisiuzwe" ni ipi? Kijana huyu anataka ajue kesho asubuhi afanye nini, nasi tunampa fikihi ya maneno.

Nahodha alikuwa na haki, na nilifurahi kwamba alikuwako mtu wa kuyasema hayo, maana baraza nyingi za watu wenye elimu huharibika hapo, wazo likishapendeza kila mtu akalipamba na mwenye shida akasahauliwa. Bibi akamwita kijana asogee mlangoni.

BIBI: Mwanangu, baba yako nilimjua tangu akicheza uchi mvuani. Alipokushika mkono alikuwa akiogopa nini? Usinipe maneno yake, nipe hofu yake.

KIJANA: Bibi, alikuwa akiogopa tusitawanyike. Ndugu zake yeye walitawanyika. Mmoja alikwenda Dubai asirudi, mmoja alikufa Mombasa hakuna hata aliyemzika katika sisi.

BIBI: Basi hiyo ndiyo thuluthi yake, naye ana haki nayo. Zilizobaki ni zenu. Na sasa hivi ninyi mmeshatawanyika, kwa kuwa umesema mwenyewe ukimwona dada yako unainamisha macho.

MAALIM: Nami niseme lililonilazimu kulisema tangu mwanzo, nikalificha kwa mapenzi ya utendi. Marehemu angetaka shamba lisiuzwe milele, sheria ilimfungulia mlango: angeliweka wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi hiba. Alikuwa mtu mwenye kujua, na hakufanya. Robo ya dada yako ni haki yake aliyopewa na Mwenyezi Mungu, haikupitia mkononi mwa baba yako hata aweze kuizuia, sembuse wewe. Wewe umeusiwa, yeye hakuusiwa wala hakuitikia. Huwezi kutimiza ahadi yako kwa fungu la yatima.

KIJANA: Na nusu yangu, Maalim? Na kuhama?

MAALIM: Hayo sikujibu. Hayo ni katika zile thuluthi mbili.

Adhana ya magharibi ilipotukatiza, hatukuwa tumepatana juu ya kila kitu. Maalim na Binti waliendelea kubishana juu ya Mwana Kupona njia nzima mpaka mlangoni kwa Maalim, na najua kwamba wanabishana hata leo. Lakini mimi niliondoka na hukumu yangu, nami naiandika hapa bila ya kuipunguza. Wengi wetu tukiulizwa nasaha tuliyopewa, tunayo sentensi moja tunayoikumbuka na mkono ulioifuata, kama mkono ule ulioligeuza fungu la madaftari. Na tukiulizwa tuliyoitoa, aghalabu tunakumbuka uzuri wa maneno yetu na kusahau aliyekwenda nayo alifika wapi. Nahodha ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akiihesabu nasaha aliyoitoa kuwa ni deni lake yeye. Naamini kuwa ndivyo ipasavyo: atoaye nasaha awe radhi kubaki karibu, aone, atengue ikiwa imedhuru, na kama umri haumruhusu kubaki, basi aseme kidogo, amwambie mrithi wake hofu yake na mapenzi yake, na maamuzi amwachie yeye atakayeishi nayo. Mimi nina barua niliyomwandikia mwanangu aifungue baada yangu, ya kurasa kumi na moja. Nimeirudia, sasa ni kurasa nne, nami naendelea kuipunguza. Msomaji wangu uliye mzazi, ikiwa nawe unayo ya namna hiyo, iliyoandikwa au ya moyoni, nakusihi uitoe leo uisome upya kwa jicho la mtoto atakayebaki nayo peke yake.

Robo ya dada ilipimwa kabla ya msimu kwisha, na aliyeinunua ni mtu wa nje ya ukoo. Kijana bado anachuma nusu yake, na juu ya kuhama hajaamua. Siku ya kupima alikwenda Nahodha, bila ya kuitwa, na miguu yake mibovu. Ndiye aliyeishika ncha ya pili ya kamba tangu asubuhi mpaka kazi ikaisha.